Shaba ya Nchi Iliyokwisha Kufutika

Mwaka 1995 fainali ya Olimpiadi ya 10 ya Sataranji ya Posta ilifikia mwisho. Dhahabu ilikwenda kwa Umoja wa Kisovieti, fedha kwa Uingereza, na shaba kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ile ambayo wengi wetu tuliiita Ujerumani Mashariki. Aliyesoma matokeo hayo bila kujua undani wake angedhani mpiga chapa ameokota karatasi ya zamani. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika tangu Desemba 1991. Ujerumani Mashariki ilitangulia zaidi: iliacha kuwa dola usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990, bendera yake ikashushwa na balozi zake zikafungwa. Unguja, ambako Wajerumani hao walijenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani baada ya Mapinduzi, nyumba hizo bado zilikuwa na wapangaji wakati mjenzi mwenyewe hayupo tena kwenye ramani.

Matokeo hayakuwa na kosa lolote. Fainali ilianza mwaka 1987, dola zote mbili zikiwa hai na zikiwa na majeshi yake, na ilichezwa kwa kasi ya posta. Nchi ziliondoka, mchezo ukabaki mezani. Nguzo ya timu hiyo ya shaba alikuwa mkemia wa Berlin aitwaye Fritz Baumbach. Mtu huyu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusubiri kadi, na kwa kusubiri huko akawa bingwa wa dunia.

Kabla ya kumfuata yeye, inafaa tuuelewe mchezo wenyewe, maana sataranji ya posta si sataranji ya kawaida iliyocheleweshwa tu. Wachezaji wawili hawaonani. Kila mmoja ana ubao wake nyumbani, na kila mmoja anasogeza kete za pande zote mbili: zake kwa hiari, za mpinzani kwa kufuata kadi. Ukishaamua hatua yako, unaiandika kwenye kadi ya posta pamoja na tarehe uliyopokea kadi ya mwenzako na tarehe unayojibu. Siku ambazo kadi iko njiani hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni zile ambazo kadi ilikuwa mikononi mwako, na kanuni ya miaka hiyo ilitoa siku 30 kwa kila hatua 10. Wastani ni siku tatu kwa hatua moja. Aliyezitumia siku 20 kwa hatua moja ngumu alilazimika kujibana kwenye tisa zilizofuata.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kadi kutoka Berlin hadi mji fulani wa ndani huko Urusi inachukua siku kumi, na kurudi siku kumi. Kila mchezaji anafikiri siku tatu. Hatua moja kamili, yako na yake, inakula siku 26. Mchezo wa hatua 40 unakaribia miaka mitatu, na hapo hakuna kadi iliyopotea, hakuna aliyeugua, hakuna aliyechukua likizo. Sasa mchezaji wa fainali hana mchezo mmoja. Ana kumi na kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na mpinzani wake, kila mmoja ukiwa kwenye hatua tofauti, na mafaili yamepangwa rafuni.

Tatizo jingine lilikuwa lugha. Mjerumani anawaandika malkia, ngome na farasi kwa herufi zake, Mrusi kwa herufi zake, Mwingereza kwa zake. Suluhisho lilikuwa tarakimu tupu. Ubao una safu nane kwenda kulia na nane kwenda juu. Zote zikapewa namba 1 hadi 8. Kitunda cha mbele ya mfalme mweupe kinasimama safu ya 5, mstari wa 2, yaani 52. Ukikipeleka mbele nyumba mbili kinafika 54. Basi unaandika 5254, na mtu wa Tallinn, Buenos Aires au Sydney anaelewa bila kamusi. Mfalme akikimbilia pembeni kujificha nyuma ya ngome yake, unaandika 5171. Baumbach alipokuja kuandika kitabu chake cha mafunzo, kilichotoka mwaka 1991, alikiita 52-54-Stop, kana kwamba jina lenyewe ni simu ya maandishi.

Kadi zenye tarakimu tupu zimewahi kuwatia wasiwasi wakubwa wengi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakaguzi wa barua wa pande mbalimbali waliziona kama siri za kijasusi, na michezo mingi ya kimataifa ikakatika hapo hapo. Ukiwa mkaguzi ambaye hajui sataranji, huna namna ya kujua kwamba 7163 ni farasi tu anayetoka zizini.

Ujerumani ilikuwa na mizizi mirefu katika mchezo huu. Berlin na Breslau ziliwahi kushindana kwa barua, mji dhidi ya mji, tangu 1829. Chama cha kimataifa cha wachezaji wa posta kilianzishwa Berlin Desemba 1928, na jarida lake, Fernschach, likaanza mwaka uliofuata. Vita viliua chama hicho. Baada ya vita mwanasheria Eduard Dyckhoff, ambaye wengi humwita baba wa sataranji ya posta, alibaki kuwa jina la heshima hadi kifo chake 1949. Mashindano ya kumbukumbu yake yaliwavuta wachezaji zaidi ya 1,800, na mshindi akawa Lothar Schmid, yule yule ambaye mwaka 1972 alikuwa mwamuzi wa pambano la Fischer na Spassky kule Reykjavik. Naye Hans-Werner von Massow aliliongoza shirikisho la dunia, ICCF, tangu 1959 hadi 1987. Watu hao watatu tuwaache. Kila mmoja anastahili makala yake.

Baumbach alizaliwa Weimar tarehe 8 Septemba 1935. Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa, usiku wa tarehe 13 Agosti 1961, alikuwa hajatimiza miaka 26. Alisomea kemia hadi shahada ya udaktari, na kazi yake ilikuwa katika hataza, yaani haki za wavumbuzi juu ya vitu walivyovumbua. Ni kazi ya kusoma maandishi makavu kwa jicho kali: dai hili limeshatangazwa na mtu mwingine au la, sentensi hii ina mwanya au haina. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu wa kazi hiyo aliufaa mchezo ambao ushindi wake hutoka katika kusoma tena kile ambacho mwenzako ameshakisoma mara tatu.

Hakuwa mchezaji wa posta peke yake. Mwaka 1970 alishinda ubingwa wa Ujerumani Mashariki wa sataranji ya ana kwa ana, katika nchi yenye wachezaji wa hadhi ya Wolfgang Uhlmann wa Dresden. Mtu wa takriban miaka 35 mwenye taji kama hilo, katika nchi nyingine, angetazamia kuanza safari: mashindano ya Hastings, Havana, Palma. Kwake mlango ulikuwa unafungwa wakati huo huo. Mwaka 1969 wakuu wa michezo wa Ujerumani Mashariki walikuwa wamekata shauri: fedha zote ziende kwenye michezo inayoleta medali nyingi za Olimpiki, kama riadha, kuogelea na makasia. Sataranji haikuwemo. Timu ya taifa ilicheza Olimpiadi ya sataranji ya Skopje mwaka 1972, kisha haikuonekana tena hadi Thessaloniki 1988. Miaka 16 kizazi kizima cha wachezaji kilikaa nyumbani na kete zake.

Hapo ndipo posta ilipopata uzito ambao haukuwa nao kwa mchezaji wa Hamburg au London. Kwa hao, sataranji ya posta ilikuwa burudani ya mtu mwenye shughuli nyingi, mtu asiye na wiki mbili za kwenda mashindanoni. Kwa mtu wa Berlin Mashariki ilikuwa njia ya kupambana na walio bora duniani bila pasipoti, bila viza ya kutoka, bila fedha za kigeni. Gharama yake ilikuwa stempu. Serikali ambayo haikutaka kulipia nauli ya ndege haikuwa na sababu ya kukataza kadi ya posta, hasa ikiwa kadi hiyo inaweza kuleta ubingwa wa dunia kwa bei ya chee. Horst Rittner alikuwa ameshathibitisha hilo: alitwaa ubingwa wa dunia wa 6, uliochezwa 1968 hadi 1971, akiwa raia wa Ujerumani Mashariki. Baumbach naye akapewa cheo cha grandimasta wa posta mwaka 1973.

Tusiipambe posta ile kupita kiasi. Wizara ya Usalama wa Taifa, Stasi, ilikuwa na idara nzima, Idara M, ambayo kazi yake ilikuwa kufungua na kusoma barua za watu. Kadi haina hata bahasha ya kufungua. Kila tarakimu iliyotoka Berlin Mashariki kwenda Magharibi ilisafiri uchi, na kila aliyeandika alijua. Ndiyo maana mazungumzo ya pembeni kwenye kadi za wachezaji wa zama hizo mara nyingi huwa mafupi na ya upole: salamu, hali ya hewa, heri ya mwaka mpya. Waliyotaka kuambiana kwa kweli waliambiana kwa farasi na vitunda, na hilo lilitosha kujenga urafiki wa miaka mingi kati ya watu ambao hawakuwahi kupeana mkono.

Fainali ya 11 ya ubingwa wa dunia ilianza 1983. Kila mchezaji alikuwa na michezo 16, na wengi wa wapinzani wazito walitoka Umoja wa Kisovieti, ambako sataranji ilikuwa karibu na dini ya taifa na ambako mtu wa posta aliweza kushauriana na maktaba nene za ufunguzi. Kushauriana na vitabu kuliruhusiwa na kunaruhusiwa hadi leo. Kosa lilikuwa kumwomba mtu mwingine akuchezee, nalo lilikuwa kosa la heshima tu, maana hakuna mwamuzi angeweza kukaa sebuleni kwako miaka sita.

Na ilikuwa miaka sita kweli. Kadi za kwanza zilipotumwa, Andropov alikuwa madarakani Moscow. Zilipokuwa katikati ya mchezo alishakuja Chernenko na kuondoka, na Gorbachev alikuwa ameketi. Katika mashindano ya ana kwa ana bingwa hujulikana usiku mmoja, watu wakapiga makofi. Katika posta ubingwa hupatikana kwa vipande: mchezo mmoja unaisha Machi, mwingine Novemba ya mwaka unaofuata, na unajua kwamba umeshinda siku ambayo mpinzani wa mtu mwingine, katika mji mwingine, anakubali sare. Mtu asiyevumilia hali hiyo huanza kucheza kwa haraka ili angalau jambo fulani limalizike. Makosa makubwa ya sataranji ya posta hayatoki katika kukosa akili. Hutoka katika uchovu, au katika kunakili vibaya: ubao mezani unaonyesha kitu kimoja, daftari kingine, na kadi imeshaingia kwenye sanduku la posta.

Mashindano yalipofungwa mwaka 1989, Baumbach alikuwa na pointi 11 na nusu. Nyuma yake, kwa nusu pointi tu, alikuwa Gennady Nesis wa Leningrad. Nusu pointi ni sare moja iliyogeuka ushindi katika michezo 16 na miaka sita ya kadi. Mjerumani Mashariki wa pili akawa bingwa wa dunia wa posta.

Novemba ya mwaka huo huo ukuta ukafunguka. Serikali iliyompa bendera ya kuchezea ilikuwa na miezi kumi na moja ya kuishi.

Kwa kawaida simulizi la mchezaji huishia kwenye taji. Mimi naona kilele cha Baumbach kiko kwenye ile shaba, kwa sababu taji alilipata ndani ya mpangilio wa dunia aliyokulia, na shaba aliipata baada ya mpangilio huo kuanguka. Tufikirie hali ya timu ya Ujerumani Mashariki katika kiangazi cha 1990. Fainali imeanza miaka mitatu nyuma. Michezo mingi bado inachemka. Tarehe 1 Julai maki ya Mashariki inakufa na maki ya Magharibi inaingia. Stempu zilizonunuliwa kwa fedha ya zamani zinageuka tatizo. Oktoba posta ya Mashariki inamezwa na posta ya Magharibi. Miji ya pande mbili ina namba za posta zenye tarakimu nne zinazogongana, kwa hiyo mbele ya namba inabandikwa herufi O kwa Mashariki na W kwa Magharibi. Kisha tarehe 1 Julai 1993 namba zote zinafutwa na kuwa za tarakimu tano. Mchezaji aliyeanza mchezo akiwa na anwani moja aliumaliza akiwa na ya tatu, bila kuhama chumba.

Mbaya zaidi ni swali ambalo posta haiwezi kulijibu: timu hii inamchezea nani? Vyama vya sataranji vya Ujerumani mbili viliungana kama nchi zilivyoungana. Ingekuwa rahisi kuifuta timu, kugawa michezo isiyokwisha kuwa sare, na kuwaambia wachezaji waingie kwenye timu ya Ujerumani moja. ICCF iliamua kwa namna ya watu wa posta: kilichoanza kinamalizwa, kwa jina kilichoanza nalo. Wapinzani wao wa Kisovieti walikumbwa na lile lile mwaka mmoja baadaye, tena kwa ukali zaidi, maana huko dola ilipasuka vipande 15 na posta ikayumba pamoja nayo. Timu ikaendelea kuwa ya Kisovieti hata hivyo, na ikashinda.

Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Lakini nadhani wanaokichekea hukosa jambo moja. Miaka hiyo karibu kila kitu cha Ujerumani Mashariki kilikuwa kinatathminiwa upya, na mara nyingi kwa kutupwa: viwanda vikiuzwa, taasisi za sayansi zikifungwa, wanazuoni wakihojiwa kama wanafaa kubaki. Katikati ya hayo kundi dogo la watu lilikuwa bado linafanya kazi lililoianza mwaka 1987, kwa viwango vile vile, bila mtu wa kuwapokea wakimaliza. Baumbach hakujifanya kuililia dola ile. Alimaliza michezo yake.

Na hakuwa mtu wa kukaa na kumbukumbu. Aliendelea na taaluma yake ya hataza Berlin chini ya sheria mpya, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyepita miaka 55. Mwaka 1993 alichaguliwa kuwa rais wa Bund deutscher Fernschachfreunde, chama cha wachezaji wa posta wa Ujerumani kilichoanzishwa 1946, akakiongoza hadi 2010. Mtu wa Mashariki akawa kiongozi wa chama kilichokuwa cha Magharibi, miaka mitatu tu baada ya muungano. Wale wanaoifuatilia Ujerumani ya miaka ya tisini wanajua jinsi jambo hilo lilivyokuwa adimu: njia ya vyeo wakati huo ilielekea upande mmoja, kutoka Magharibi kwenda Mashariki.

Miaka yake 17 ya uongozi iliangukia katika mabadiliko makubwa kuliko yale ya mipaka. Kwanza barua pepe iliiua kadi. Mwaka 2004 ICCF ikafungua mtandao wake wa kuchezea, ambako kompyuta yenyewe inahesabu siku na kukataa hatua isiyo halali. Kosa la kunakili likafa siku hiyo. Kisha mashine zikaanza kufikiri. Kuna jambo la ajabu hapa, kwamba mmoja wa waliozilea alikuwa bingwa wa posta aliyezaliwa Berlin: Hans Berliner, aliyeondoka Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto mwaka 1937, akakulia Marekani, akatwaa ubingwa wa 5 wa dunia mwaka 1968, kisha akaenda Carnegie Mellon na kujenga HiTech, moja ya kompyuta kali za sataranji za miaka ya themanini.

Kwa muda mfupi ilionekana kwamba binadamu mwenye mashine na subira anaishinda mashine peke yake. Arno Nickel, grandimasta wa posta wa Berlin, aliipiga kompyuta kubwa Hydra 2–0 kwa barua pepe katika 2004 na 2005, akiwa na programu za kawaida mezani kwake na muda wa kutosha wa kuzitilia shaka. Mwanya huo umeshafungwa. Leo sehemu kubwa kabisa ya michezo ya fainali ya dunia huisha sare, na Jon Edwards wa Marekani alipotwaa ubingwa wa 32 mwaka 2022 ushindi wake ulitokana na michezo michache tu ambayo haikuwa sare. Ubingwa wa Baumbach ni miongoni mwa mataji ya mwisho ambayo mtu aliyapata kwa kichwa chake, vitabu vyake na taa ya mezani.

ICCF ilipotimiza miaka 50, mabingwa wa zamani walikusanywa kwenye mashindano ya pekee ya kuamua nani anawazidi wote. Alishinda Mikhail Umansky, bingwa wa 13, kwa pengo kubwa. Baumbach, kwa kushirikiana na Robin Smith na Rolf Knobel, akaifanya michezo hiyo kuwa kitabu kilichotoka 2008, akieleza hatua kwa hatua kwa nini mwenzake alikuwa bora. Wakati huo Olimpiadi ya 11 nayo ilikuwa imeshaisha tangu 1999. Iliyotwaa dhahabu ni Chekoslovakia, nchi iliyogawanyika mwanzoni mwa 1993.